Wingu la Burundi

Nilikuwa nimemaliza kubadilisha koni ya spika ya mteja. Usiku ulikuwa umeingia, mtaa wetu wa Buyenzi, Bujumbura, umeanza kutulia, nikatafuta kitu cha kuijaribia. Kwenye simu nilikuwa na albamu niliyoipakua kwa sababu ya neno moja tu. Ni Possible Musics ya Jon Hassell na Brian Eno, ya mwaka 1980, na kibao chake cha mwisho kinaitwa "Charm (Over 'Burundi Cloud')". Kwenye santuri kinajaza upande wa pili wote, dakika 21 na ushei.

Nikasubiri ngoma. Mrundi gani asingesubiri? Jina la nchi yetu likitajwa katika muziki wa nje, kwa kawaida ni ngoma zinazotafutwa. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja, Michel Bernholc, alichukua ngoma zilizorekodiwa huku kwetu akazipandishia piano na magita, na mdundo ule ukazunguka Ulaya. Sisi tunaijua ingoma, ngoma yetu kubwa ya jadi, ya kule Gishora, ile inayokugonga kifua kabla masikio hayajaisikia. Hapa haikuja. Kulikuwa na mdundo mdogo wa viganja unaojizungusha kwa mbali, na juu yake sauti yenye pumzi nyingi, inapanda, inapinda, inazama. Nilisikia mkwaruzo ndani yake nikaizima spika na kuigeuza, nikijua koni imechanika tena. Koni ilikuwa nzima. Ule mkwaruzo ni pumzi ya Hassell ikipita kwenye tarumbeta.

Huyu bwana alizaliwa Memphis mwaka 1937, akafariki 2021. Alijifunza kwa Pandit Pran Nath, mwimbaji wa raga, muziki wa jadi wa India, kisha akaikalia tarumbeta mpaka ikapinda kama koo la mwalimu wake. Akaipitisha kwenye mitambo inayoifanya noti moja itoke na wenzake wanaotembea sambamba nayo. Eno yuko humo na sinthesaiza yake ya Prophet 5 na ufundi wake wa kuziyeyusha sauti. Naná Vasconcelos wa Brazili na Aïyb Dieng wa Senegali wanapiga ngoma. Nimekisikiliza kibao hiki mara nyingi sasa, na bado siwezi kuonyesha kwa kidole mahali Eno anapoishia na Hassell anapoanzia.

Hapo ndipo ninapopimia albamu za namna hii, zinazochanganya mashine na muziki wa asili. Nyingi zinapikwa hivi: mashine inatandika mkeka, halafu filimbi au sauti ya mama wa kijijini inanyunyizwa juu kama chumvi. Iondoe, mkeka unabaki vilevile. Forgotten Gods ya mwaka 1993 haiko hivyo. Humo Steve Roach wa Marekani amekaa na Jorge Reyes wa Mexico na Suso Saiz wa Hispania, na vyombo vya kale vya Reyes ndivyo vinavyoamua mashine ziende kwa mwendo gani. Ukivitoa, kazi yote inaanguka.

Lakini hicho kibao cha Hassell na Eno kilinirudisha Muramvya, kwa babu mzaa mama. Alikuwa na inanga, ubao mrefu uliochongwa kama sinia, uzi mmoja umepitishwa huku na huku mara nyingi. Hakuimba kwa kupaza sauti. Alinong'ona, na nyuzi zikanong'ona pamoja naye, hadi sisi watoto tukabishana kama lile neno limetoka mdomoni au kwenye ubao. Ilibidi tusogee karibu kabisa na magoti yake. Kwangu mimi hilo ndilo wingu la Burundi, sijali Hassell alikuwa na lipi akilini.

Juzi mama alipita kibandani kuniletea chakula, nikamwekea kibao hicho. Alikaa kwenye kiti cha wateja, sahani bado iko mkononi.

"Anapiga nini huyo?"

"Tarumbeta, mama."

Hakuamini. Alisikiliza kidogo tena, halafu akanionyesha amplifaya kwa kidevu.

"Punguza. Baba alikuwa hapigi kwa nguvu hivyo."

Nikaipunguza kutoka sita hadi mbili. Gereji ya jirani ilikuwa imeshafungwa. Ile ngoma ya viganja, ambayo siku zote naisikia kwa mbali, ikasogea ikakaa katikati ya kibanda, na mama akaanza kula.