Mvinyo mweupe kwenye joto la Dodoma: tulivyoupata nyumbani kwetu

Nilipoanza kuulizia habari za mvinyo mweupe, kila mtu alinipa jibu moja: huo ni wa watu wa mabonde ya milimani, kwenye ukungu na baridi, sisi wa Dodoma tushike mwekundu wetu. Mmoja aliniambia hivyo akiwa amesimama katikati ya shamba la baba, kichala cha Chenin Blanc mkononi, anakula huku anatema mbegu. Zabibu nyeupe anaiona, anaisifia, ila mvinyo wake eti hauwezekani! Nikajua hapa naongea na mtu anayerudia aliyoyasikia.

Chenin Blanc ni mvumilivu. Asili yake ni bonde la mto Loire kule Ufaransa, lakini leo nchi inayoilima kuliko zote ni Afrika Kusini, na huko nako jua linawaka. Sifa yake ni kwamba hata ikiivia kwenye joto haipotezi uchachu wake wote, na mvinyo mweupe usio na uchachu hauna maana kinywani. Kwa hiyo shamba la Dodoma halina kosa. Shida iko ndani ya pipa, wakati mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa, unachacha kwenye joto.

Kwetu ni upande wa Mpunguzi, ekari mbili hivi, baba ndiye aliyepanda. Miaka yote tuliuza zabibu mbichi kwa wanunuzi, na mwenye zabibu mbivu hana ubavu wa kubishania bei. Akichelewa kidogo vichala vinaanza kuoza, nyuki na ndege wanamalizia. Kuna msimu bei ya kilo haikurudisha hata pesa ya dawa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoshika mizabibu. Mama akauliza, "Hao wanaokamua wana mikono mingapi?"

Basi tukaamua kukamua wenyewe, tukamleta jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu wa mvinyo, kwa ada ambayo ingenunua mbuzi na chenji ikabaki. Alikuja na faili. Akatuambia tuache zabibu mtini mpaka ziwe tamu kama tunavyotaka kuzila, tuziponde, tuziache na maganda yake siku mbili "rangi ikolee", tutie hamira ya maandazi, halafu pipa tulifungie stoo, chini ya bati, kwa sababu "joto ndilo linaloivisha mvinyo". Kama ungemwomba mtu akuandikie namna ya kuharibu mvinyo mweupe, asingeandika vizuri kuliko hapo.

Usiku tukasikia kishindo. Kifuniko kimeruka, povu linashuka ubavuni mwa pipa, limevuka sakafu na kuingia kwenye magunia ya mtama. Asubuhi stoo nzima inanuka mayai viza, jirani akapita na kuuliza kama kuku wetu ametamia vibaya. Povu lilipotulia mchuzi ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala, ukionja unakwaruza koo, na haikupita muda ukawa siki kamili. Mama hakumwaga. Tulikula kachumbari na achari ya embe mpaka tukaomba poo, na baba kila akionja anasema hiyo ndiyo siki ghali kuliko zote katika wilaya. Mtaalamu nilipompigia simu alisema labda tulikoroga kwa kwenda kushoto.

Akili niliipata kwenye mtungi wa bibi. Mtungi unatoka jasho, upepo unalikausha lile jasho, na maji ndani yanapoa. Sasa Dodoma ya Agosti na Septemba ina nini? Upepo usiolala, na hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Huko milimani kwenye ukungu mbinu hii isingefanya kazi, maana hewa yenye unyevu haikaushi kitu. Kile kile walichokiita ubaya wa Dodoma ndicho kilichoniokoa.

Nikachukua pipa la plastiki la kuhifadhia chakula (sio lililobeba dawa, hata ulisugue vipi), nikalivisha magunia ya mkonge mawili, moja juu ya jingine, nikalishonea kwa sindano ya magodoro. Chini nikaliweka kwenye beseni pana lenye maji, ili gunia linyonye lenyewe kutoka chini, na juu nikatundika dumu lililotobolewa tundu dogo la sindano, linadondosha tone baada ya tone. Pipa likakaa chini ya banda la makuti, upande wa mashariki wazi kabisa, huko unakotoka upepo. Shemeji yangu akaja, akalizunguka, akasema, "Dada, pipa lina homa?" Nikamwambia asubiri.

Mchana kipimajoto nje kinasoma digrii 28, mchuzi ndani uko 20. Jua likiwa kali zaidi nilikuwa nazamisha chupa za maji yaliyogandishwa, zimeoshwa vizuri nje na kufungwa kamba shingoni, kutoka kwa jirani anayeuza barafu. Zikiyeyuka namrudishia, anazigandisha tena, namlipa kidogo. Kwa njia hiyo tulishuka mpaka 17, na hapo mchuzi ulichacha taratibu, wiki tatu hivi, unatoa viputo kimoja kimoja kupitia kimpira kilichozamishwa kwenye kikombe cha maji. Adui mkubwa hakuwa joto tena, alikuwa mbuzi. Waligundua beseni, wakawa wanakunywa maji na kutafuna pindo la gunia. Wekeni uzio kwanza.

Kuvuna nako tulibadilisha. Tulivuna alfajiri, tochi kichwani, jua linachomoza tumeshamaliza, kwa sababu zabibu iliyochumwa na baridi ya usiku inakupa mchuzi uliokwisha kupoa bila gharama. Vibarua walilalamikia nge, nikaongeza posho na kuwaambia waje na viatu vya kufunika. Utamu nilipima kwa refraktomita, kile kifaa cha kusoma sukari kwenye tone la mchuzi, nikachuma kwenye Briksi 21 (Briksi ndiyo kipimo cha sukari hiyo). Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinazaa karibu asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo hapo unapata kama 12, na uchachu bado upo. Wanaokwambia usubiri mpaka 25 wanafikiria utamu peke yake.

Tulikamua siku ileile, maganda hayakulala na mchuzi. Kikamulio alitutengenezea fundi wa kuchomelea, na nilimsimamia kama askari ili chuma kisiguse mchuzi. Usibane mpaka mbegu zipasuke, utapata uchungu. Metabisulfaiti ya potasiamu, dawa ya kuzuia mchuzi usiharibike, niliweka gramu 10 hivi kwa lita 100, nikaacha matope yatulie chini usiku kucha, nikahamisha ule msafi peke yake, ndipo hamira ikaingia. Hamira ya mvinyo, jamani, sio ya maandazi. Pakiti ni bei ya soda kadhaa, na nilishangaa watu wanavyoibania huku wametumia mamilioni shambani.

Baada ya hapo ni kuhamisha, kujaza pipa mpaka ukingoni hewa isipate nafasi, kusubiri, kuweka kwenye chupa. Mvinyo ulitoka na rangi ya majani makavu, unanukia tufaha bichi. Baba, ambaye hasifii kitu, alinyoosha bilauri mara ya pili bila kusema neno. Shemeji ameshanunua magunia yake.

Kwa sasa mwingi unaishia kwenye harusi na kipaimara za ndugu na majirani, na mambo ya alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, tumeyaanza, yanakwenda kwa mwendo wake. Mavuno ya Februari na Machi siyagusi kwa mweupe. Mvua zinakuwa bado zipo, vichala vya Chenin vimebanana na vinaoza kwa ndani kabla hujaona kwa nje, na hewa yenye unyevu haipozi pipa hata ulivishe magunia kumi. Hizo naziuza kama zabibu, kwa bei watakayonipa.