Ree ya Mwisho: wiki nne za kuhangaika na picha za dukani

Mchezo wenyewe, Ree ya Mwisho, wa karata za kwenye simu, nimemaliza kuutengeneza. Karata 35 zinakaa mezani katika safu saba, 17 zinabaki kwenye rundo, na kazi yako ni kuziondoa za mezani kwa kupanda au kushuka namba moja: juu ya tisa inakwenda nane au kumi, basi. Dakika tatu umeshinda au umekwama, unachanga upya. Nilidhani kilichobaki ni kuupakia kwenye duka la programu za simu, kazi ya jioni moja. Jioni yenyewe sasa imeingia wiki ya nne.

Wiki ya kwanza: kikokotoo

Google Play wanataka ikoni ya pikseli 512 kwa 512. Kwenye kompyuta yangu huo ni uwanja, nami nikaujaza: meza nzima, safu zote saba, kivuli chini ya kila karata, na jina la mchezo juu kwa herufi za dhahabu. Siku mbili za kuchora. Nikaiweka kwenye simu katikati ya programu nyingine, nikampa mdogo wangu autafute mchezo wangu.

"Kaka, ni hii ya kikokotoo?"

Nikamnyang'anya simu. Nikatazama. Kikokotoo kabisa: vijimraba vyeupe vimejipanga, na juu yake kioo kidogo cha manjano. Nilikuwa nimechora huku nimeikuza picha mara nne, tena kwa macho ya mtu anayejua kila karata imelala wapi.

Usiku huo nikarudi kuangalia karata za Solitaire iliyokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, zile alizozichora Susan Kare. Alikuwa na rangi 16 na pikseli za kuhesabu, lakini karata zikipandana bado unajua hii ni saba ya uru na ile ni mbili ya shupaza, maana namba na alama zimekaa pembeni, na pembe ndiyo inayobaki wazi karata ikifunikwa na nyingine. Mimi nina mamilioni ya rangi na nimetoa kikokotoo.

Basi nikafuta yote, nikabaki na karata moja: ree ya kopa. Alama moja katikati, haina cha kusongamana. Nikampelekea tena.

"Hii sasa ni ya kutafuta wachumba."

Alikuwa na haki. Kopa jekundu peke yake kwenye simu ni mapenzi, si karata. Shupaza ingemaliza ubishi, ila ukitafuta michezo ya karata dukani utakuta ree ya shupaza zimejaa kama siafu. Kilichoniokoa ni ile pembe: nikaongeza A kubwa juu kushoto, nikaiinamisha karata kidogo, na nyuma yake nikachungulisha ukingo wa karata ya pili. Mara hii mdogo wangu aliigusa bila kuuliza kitu. (Jambo dogo lililonipotezea saa nzima: nilikuwa nimezikata pembe za ikoni ziwe za mviringo, kumbe duka lenyewe huzikata. Ikatoka na ukingo maradufu kama sahani iliyopasuka.)

Wiki ya pili: kijani, nyekundu na chipu

Bango la juu ya ukurasa wa mchezo dukani ni pikseli 1024 kwa 500. Ukiweka video, kitufe cha kuichezesha kinakaa katikati ya picha, kwa hiyo usiliweke jina la mchezo hapo. Nililiweka hapo, bila shaka.

Shida kubwa ilikuwa rangi. Meza ya karata kwa mazoea ni kitambaa cha kijani, na maandishi yangu yalikuwa mekundu ili yaendane na kopa. Kwenye skrini yangu yalipendeza. Kisha nikajaribu kitu ambacho sasa nakifanya kwa kila picha: nikaigeuza yote kuwa ya kijivu. Jina la mchezo likapotea. Wekundu wangu na ukijani wangu vilikuwa na uzito uleule wa mwanga, kwa hiyo rangi zilipoondoka hakikubaki kitu cha kuzitenganisha. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na huyo naye angepata shida kulisoma bango langu. Meza imekuwa ya buluu nzito, maandishi meupe. Nimeusikitikia ukijani siku moja tu.

Halafu chipu. Kujaza pembe za bango nilirundika chipu za kasino na sarafu za dhahabu, urembo tu. Nilipofika kwenye fomu ya maswali ya umri, ile inayouliza kama mchezo una kamari hata ya kuigiza, nikajibu hapana, kisha nikalitazama bango langu. Nani angeniamini? Balatro, mchezo wa karata uliotoka Februari 2024, ulipandishwa na PEGI, chombo cha Ulaya kinachopanga michezo kwa umri wa wachezaji, hadi miaka 18 kwa sababu ya sura yake ya kamari, ukaondolewa kwa muda kwenye baadhi ya maduka, na ukashushwa hadi 12 Februari 2025 tu, baada ya rufaa. Na mle ndani hakuna hela unayobeti. Mimi sina nguvu ya kukata rufaa na mtu. Chipu zimeondoka, na nafikiri hata zisingeleta matatizo zingeniletea watu wasio wangu: mtu anakuja kutafuta kubeti, anakuta tisa na nane, anaondoka na kuacha nyota moja.

Wiki ya tatu: maneno

Maelezo mafupi ya Google Play hayazidi herufi 80. Haya ndiyo niliyoanza nayo:

"Mchezo wa kisasa wa karata wenye michoro maridadi na burudani isiyo na kikomo!"

Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, lakini sentensi hii unaweza kuibandika kwenye mchezo wowote wa karata na ikakaa. Haisemi vidole vitafanya nini. Nikajaribu kumweleza mdogo wangu kwa mdomo, kama nilivyomfundisha kucheza, nikaandika nilichosikia nikisema:

"Ondoa karata iliyo moja juu au moja chini. Safisha meza kabla rundo halijaisha."

Herufi 79, nafasi na nukta zikiwemo. Kanuni yote imo, na wasiwasi umo pia, kwenye neno "kabla". Maelezo marefu yanaruhusu herufi 4000; nimetumia kama 900. Nilikata aya nzima iliyosimulia nilivyoandika programu ya kuchanga karata. Hiyo aya naipenda, na ndiyo maana iliniponza.

Kwa Steam, duka la michezo ya kompyuta, nimepita haraka kwa kuwa toleo la kompyuta bado. Picha ndogo, wao huiita kapsuli, unaichora 462 kwa 174, lakini kwenye orodha inaweza kushuka hadi 120 kwa 45. Hapo ni jina na ree, basi. Na tangu Septemba 2022 hawaruhusu kubandika sifa, tuzo wala punguzo la bei juu yake, jambo ambalo kwangu ni nafuu kwani tuzo sina.

Wiki ya nne: picha za skrini

Picha yangu ya kwanza ilikuwa menyu: Anza, Mipangilio, Toka. Kama kumwonyesha mgeni mlango na kumwacha nje. Nikaibadilisha na picha ya ushindi, nikagundua kwamba katika mchezo huu ukishinda meza inakuwa tupu. Kwa hiyo nilikuwa nimetangaza buluu tupu yenye neno "Umeshinda".

Iliyobaki ni ya katikati ya mchezo. Nane ya shupaza iko wazi chini, tisa ya kopa imenyanyuka nusu na kivuli chake kimeachana na meza, na kwenye rundo zimebaki karata mbili. Niliipanga kwa mkono, karata moja moja, maana nilicheza raundi kumi na nne bila kupata hali hiyo.

Sasa najaribisha ikoni mbili dukani, yenye ukingo wa karata ya pili na isiyo nao, na sigusi kitu kingine mpaka jaribio liishe. Huku nyuma App Store, duka la Apple, wanaruhusu kichwa kidogo kisichozidi herufi 30. Nimeandika "Moja juu, moja chini". Zimebaki 10, na mdogo wangu anashikilia kwamba niziache hivyohivyo.