Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa kliniki ya presha

Nikimwambia mtu nafanya kazi kliniki ya presha, jibu huwa moja: "Basi kazi yako nyepesi, unapima mikono tu." Nimelisikia miaka 11. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na kliniki yetu ni Jumanne na Alhamisi. Nawaandikia Alhamisi iliyopita ilivyokwenda. Habari za wagonjwa nimezibadilisha ili asijulikane mtu.

Saa 10:30 alfajiri. Naamka, nabandika chai, naamsha watoto, nameza dawa yangu ya presha. Ndiyo, natumia dawa, na wagonjwa wangu wanajua. Mama yangu aliangushwa na kiharusi akiwa na miaka 54, na mama yake mdogo alifariki usingizini kabla hajafika 60. Nyumbani kwetu ilisemwa kwamba wanawake wa ukoo ule "wana mioyo ya huruma, haistahimili mawazo". Nilipoanza kazi hii ndipo nilipokaa na kalamu nikahesabu. Mimi yangu iligundulika nikiwa na miaka 36, sina dalili hata moja.

Saa 1:10 asubuhi. Benchi zimeshajaa. Wengi ni wanawake: mama wa mashamba ya mkonge, wauza samaki, walimu wastaafu, bibi waliosindikizwa na wajukuu. Wapo waliotoka kwao giza bado. Kabla ya kumsalimia mtu natafuta kwanza kile kitambaa kikubwa cha mashine. Kila mashine ina kitambaa cha kufunga mkononi, na cha kawaida kikifungwa kwenye mkono mnene kinadanganya, kinapandisha namba. Mtu anaanzishiwa dawa asiyoihitaji. Kikubwa tunacho kimoja, na sehemu yake ya kunatia imechoka, kwa hiyo nakishikiza kwa bandeji. Kila wiki nakificha kwenye droo yangu, na kila wiki kuna anayekihamisha.

Saa 2:00. Elimu ya afya, dakika 20 nimesimama mbele ya benchi. Nimekuja na kijiko cha chai na chumvi. Nakijaza, nakisawazisha kwa kidole, nawaambia hiki ndicho kiasi cha mtu mzima kwa siku nzima, chini ya gramu 5, na humo imo ya mboga, ya mkate, ya dagaa, ya kachumbari na ile ya kunyunyiza juu ya muhogo. Kunatokea mguno. Bibi mmoja anasema hicho yeye anakitia kwenye samaki mmoja.

Kisha likaja swali ninalolipenda kuliko yote. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Sista, huu ugonjwa wa moyo ni wa kurithi au ni wa kula?"

Nikamjibu kwamba ni vyote viwili, na mara nyingi vimekaa nyumba moja. Kama mama yako au dada yako alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 65, au baba au kaka kabla ya 55, wewe uko karibu zaidi nao kuliko jirani yako, hata kama mnakula sahani moja. Zipo familia ambazo mafuta ya kwenye damu, ile lehemu, yako juu tangu mtoto anazaliwa, na mzazi mwenye hali hiyo humpa kila mtoto wake kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwembamba kama ufito. Lakini pia tunarithi jiko. Mkono wa mama wa chumvi ndio mkono wa binti, na mafuta yaliyokaangiwa mara nne kwa mama yanakaangiwa mara nne kwa binti. Damu hatuna uwezo wa kuibadilisha. Jiko tunalo mikononi.

Saa 2:30 hadi saa 5. Nilipima watu 37, na wawili tu niliwarudisha kwa daktari siku ileile. Katikati alikuja binti wa miaka 22 kuchoma sindano yake ya penisilini ya kila wiki nne. Utotoni aliumwa koo mara kwa mara, halikutibiwa sawasawa, na matokeo yake yakaenda kwenye vali za moyo, ile milango midogo inayopitisha damu. Ile sindano inauma vibaya sana. Anaishika meza, hatoi sauti, anashukuru, anaondoka. Ameolewa mwaka huu, na nimemwomba kama nimwombavyo mwanangu: asibebe mimba kabla hajazungumza na daktari wa moyo.

Saa 5:20. Hapa ndipo siku ilipokatika.

Aliingia mama wa miaka 52, mama lishe, kanga bado inanuka moshi wa kuni, akisindikizwa na kijana wake mwenye kofia ya bodaboda mkononi. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyepanda ngazi. Kwetu hakuna ngazi.

"Sista, mama ana vidonda vya tumbo," kijana akaanza kabla hatujakaa. "Tumeshapimwa. Zimeisha dawa tu. Tuandikie twende, nimeacha abiria."

Nikamwambia, "Sawa mwanangu, kaa kidogo." Nikamgeukia mama. Anajisikiaje? Amechoka. Tangu lini? Wiki tatu. Kuchoka kwa namna gani? Akafikiri. "Zamani nachota ndoo nne sijapumzika. Sasa moja naitua njiani." Maumivu? Kiungulia, na mgongo huku juu, na taya. Taya la kushoto likimwanza usiku anafikiri ni jino. Jana alitapika. Leo alfajiri akipuliza moto alitoka jasho la baridi.

Nilitamani nimshike yule kijana mabegani. Wengi wanaujua mshtuko wa moyo kwa picha ya mwanamume aliyeshika kifua na kuanguka. Na ni kweli, hata kwa wanawake maumivu ya kifua ndiyo dalili ya kawaida zaidi. Ila mwanamke mara nyingi zaidi huja pia na uchovu, kichefuchefu, pumzi fupi, maumivu ya mgongo au taya, na kwa kuwa yeye ndiye apikaye, afuaye na aleaye, uchovu wake unapewa majina mengine. Huyu alikuwa ameshatibiwa malaria mara moja na vidonda vya tumbo mara mbili.

"Sista, foleni ni ndefu, mama yangu hana presha. Hata chumvi hali."

Nikafunga kitambaa. Mkono nimeuegemeza mezani, miguu chini, sikumruhusu aongee. 164/98. Nikasubiri, nikarudia. Haikushuka.

Kisha nikauliza maswali ambayo watu huyaona ya umbea. Mama mzazi yuko hai? "Alilala hakuamka." Akiwa na umri gani? "Hamsini na kidogo." Hedhi ilikoma lini? Akamtazama mwanawe, nikamwomba kijana atoke. Alikataa. Akasema mama yake hana siri naye, na kwani hedhi na tumbo vinahusiana nini. Nikasimama mlangoni nikaushika wazi mpaka akatoka, na huko nje akawaambia watu wote kwamba wauguzi wa siku hizi wana majivuno. Nilimsikia vizuri.

Hedhi ilikoma akiwa na miaka 42. Na mimba? Watoto watano. Presha iliwahi kupanda katika mimba yoyote? "Ya tatu. Nilivimba uso, nikaanguka kifafa cha mimba. Mtoto ndiye huyu aliyetoka."

Hapo ndipo kalamu ilipoacha kuandika. Presha ikishapanda namna ile kwenye mimba, hatari ya mwanamke kupata ugonjwa wa moyo baadaye huwa kama mara mbili ya mwenzake. Hedhi kukoma mapema inaongeza. Mama kufa mapema inaongeza. Moshi wa kuni wa miaka 20 unaongeza. Mambo yote hayo yalikuwa yamekaa ndani ya mtu mmoja, na kwenye cheti chake chote hapakuwa na mstari hata mmoja unaoyataja, kwa sababu mtoto akishazaliwa, kadi ya kliniki ya wajawazito huwekwa kabatini na habari yake inaishia hapo.

Nikamwita daktari. Daktari akataka kipimo cha umeme wa moyo. Mashine ilikuwa wodi nyingine, kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa kikaoni. Dakika 25. Nilikimbia mara mbili, na wagonjwa wa foleni waliniona nakimbia wakadhani nakwepa kazi.

Mashine yetu ni ya zamani, ile ya vipira vya kufyonza ngozi. Mama akalala, akaivuta kanga mpaka shingoni. "Lazima kifua chote, mwanangu?" Nikamwambia lazima, mama, ila ni mimi na wewe tu. Kipira cha nne kinakaa chini ya titi, kati ya ubavu wa tano na wa sita, kwa hiyo titi linainuliwa. Nimeona vipimo vilivyoharibika kwa sababu mpimaji aliona haya akakiweka palipo rahisi. Nikaligusa kwa nyuma ya kiganja, nikaliinua, nikapaka jeli. Chini yake palikuwa na kovu dogo la mafuta ya moto, limekauka zamani. Akafumba macho. Mashine ikaanza kutoa karatasi.

Daktari aliitazama karatasi muda mfupi sana. Aspirini miligramu 300, nikamwambia aitafune, asiimeze nzima. Barua ya rufaa kwenda mkoani. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito na halijarudi.

Saa baada ya hapo sizikumbuki kwa mpangilio. Nilipima watu huku nimeuacha mlango wazi nimwone. Namfuata, naangalia mapigo, narudi. Mtu ananiuliza namba yake ngapi, namwomba arudie swali. Chakula sikula. Miguu ilikuwa inawaka ndani ya viatu. Yeye alikuwa ananiuliza jambo moja tu, nani amezima jiko lake, maana aliacha maharage. Wakati fulani nilitoka nikamkuta kijana amechuchumaa ukutani. Nikachuchumaa karibu naye, nikamweleza polepole: ni moyo, si tumbo. Nikamwambia pia kwamba mama yake alinusurika kufa siku alipomzaa yeye, na lile tukio ndilo tunalolifuatilia leo. Hakuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akanyamaza, kisha akasema, "Naomba nikazime yale maharage, narudi." Akarudi kweli, na blanketi.

Gari lilifika jua likiwa limeshahamia dirisha la upande wa pili. Nilimaliza foleni watu wengine wakiwa wamekata tamaa na kuondoka, na majina yao nimeyaandika pembeni ili niwapigie.

Nyumbani, usiku. Wali wa jana, maji mengi, miguu kwenye beseni. Saa 3 simu iliita, yule kijana. Wamemlaza, amekunywa uji kidogo, wanampima tena kesho. "Shikamoo sista," alisema mwishoni, kitu ambacho asubuhi hakukisema.

Baada ya hapo nilimpigia mdogo wangu aliyeolewa Korogwe. Ana miaka 38. Miaka tisa iliyopita alilazwa wiki tatu kwa kifafa cha mimba, na mimi, dada yake, muuguzi wa kliniki ya presha, sijawahi kumfunga kitambaa mkononi tangu siku ile aliporuhusiwa.

"Kwani yale si yalishaisha, dada?" akaniuliza.

Nikamwambia apande basi la kwanza Jumanne. Asinywe kahawa kabla. Aende haja ndogo kwanza, na akifika akae kwenye benchi dakika tano bila kuongea na mtu, mpaka nitakapomwita.