Fungate yetu ya siku tatu Kyoto, jinsi nilivyoipanga kwa pesa ya mwanafunzi

Sisi tulifunga ndoa Zanzibar na siku kumi na mbili baadae mimi nikapanda ndege kurudi Nagoya, Japani, kumalizia masomo, fungate hatukuijua. Mwaka na kitu tunaishi kwa simu tu, yeye akiamka mimi nakula cha mchana. Kwa hiyo viza yake ilipotoka nikasema potelea mbali, mwanzoni mwa mwezi wa 12 nampeleka Kyoto, sisi wawili tu, siku tatu.

Nilikaa wiki nzima natengeneza ratiba, nikapata sehemu kumi na moja, kila moja na saa yake na basi lake. Nikamtumia kwa WhatsApp. Akakaa kimya halafu akatuma voice, "Mume wangu, hii ratiba ya mtembeza watalii. Mi nakuja kukaa na wewe, hayo mahekalu yapo tangu zamani na tukiondoka yatabaki." Nikasoma tena ile ratiba nikaona kweli, hapo mtu anashinda kwenye basi tu. Na mabasi ya Kyoto yanajaa kupita kiasi, hasa ya kuelekea kwenye hekalu la dhahabu, Kinkaku-ji, ambalo lenyewe lilichomwa moto 1950 likajengwa upya 1955. Nikalikata. Arashiyama na mianzi yake ipo upande wa pili wa mji, nikaikata pia ingawa iliniuma. Tukabaki na upande wa mashariki wa mji, Higashiyama, na mto Kamo, basi.

Sasa tarehe. Watu wengi wanataka kuanzia katikati ya mwezi wa 11 majani ya miti ya momiji yakiwa mekundu, au mwanzo wa mwezi wa 4 maua ya miti ya sakura, na wenye vyumba wanajua hilo. Mwanzo wa Desemba majani mengine yameshaanguka lakini sio yote, baridi imeanza, na bei zinashuka, mimi naona kwa mwenye bajeti ndogo hakuna kipindi kizuri kama hicho. Nikachukua usiku mmoja hoteli ya kawaida na usiku mmoja ryokan, zile nyumba za wageni za kijapani za mikeka ya tatami. Ryokan ghali yake iko kwenye chakula cha usiku, na sisi tungekilipia bure kwasababu supu na mchuzi wao mwingi una mirin ambayo ni kilevi. Kumbe kuna kitu kinaitwa sudomari, yaani unalala tu bila chakula, bei inapungua sana. Tukala nje, rameni, yaani tambi za supu, ya kuku ya halali, ya moto, bibie akamaliza bakuli na mchuzi wote.

Jambo la kuoga ndio nilikuwa nalifikiria zaidi. Bafu za pamoja za kule watu wanaingia uchi, wanaume kwao wanawake kwao, mke wangu aliniambia mapema hilo sahau. Nikatafuta nyumba yenye bafu la kashikiri, unaliweka oda kwa muda fulani mnafunga mlango mko peke yenu. Hapo nilipata usumbufu, nyumba ya kwanza niliyolipia iliandika ina bafu hilo, nikaja kuuliza kwa ujumbe wakanijibu liko kwenye matengenezo, na kufuta oda wakanikata sehemu ya pesa. Toka siku hiyo nauliza kwanza ndio nalipa. Tuliyoipata mwisho ilikuwa ndogo, ya mama mmoja mtu mzima, alitupokea na chai na akatufundisha kuvaa yukata, lile vazi jepesi la kijapani, upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia. Mimi nilikuwa nimegeuza, akanirekebisha haraka haraka, maana kulia juu ya kushoto ndio anavyovikwa maiti. Mke wangu alivyoelewa akaishika ile nguo yangu mwenyewe akaifunga upya.

Kwenda tulipanda treni za kawaida tukabadilisha stesheni ya Maibara, zaidi ya masaa mawili, yen 2,640 kila mtu, shinkansen, ile treni ya kasi, ni dakika 35 lakini karibu yen 6,000. Tukakubaliana kurudi ndio tupande ya haraka maana yeye alikuwa na hamu nayo.

Siku ya pili tuliamka giza. Hekalu la Kiyomizu-dera linafungua saa kumi na mbili asubuhi na jua Desemba linachomoza karibu saa moja kasoro, kwa hiyo ukiwahi kunakucha ukiwa pale pale kwenye lile baraza kubwa la mbao, jengo la 1633, limesimama juu ya nguzo mteremkoni, mbao zimepachikana bila msumari. Tulikuwa na watu wachache sana, wote kimya, moshi wa pumzi unatoka midomoni. Ushungi wake umeingia umande. Hatukupiga picha nyingi. Kushuka tukapita ngazi za mawe za Sannenzaka maduka yamefungwa, unasikia viatu vyenu tu. Saa nne tulipopita tena pale pale huwezi hata kunyoosha mkono kwa watu, kwa hiyo ukiniuliza kitu kimoja cha kubana kwenye bajeti nitakwambia bana vyote ila usibane ile asubuhi.

Jioni tukatembea mtaa wa Gion. Tangu 2024 vichochoro binafsi vya pale wageni hawaruhusiwi, kuna kibao cha faini yen 10,000, sababu watu walikuwa wanawakimbiza geiko, yaani geisha wa Kyoto, na kamera. Mimi nilitaka kuchungulia kidogo, mke wangu akanivuta mkono. Yeye kazaliwa Mji Mkongwe, anajua ilivyo mtu kupiga picha mlangoni kwenu wakati bibi yako kakaa barazani. Tukabaki barabara kubwa tukiangalia zile nyumba za mbao nyembamba mbele ndefu nyuma, akasema mbona kama kwetu, mlango mdogo ndani hakuna mwisho. Zimebaki nyingi, moja ya sababu ni kwamba 1945 Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, alisisitiza Kyoto itolewe kwenye orodha ya miji ya bomu la atomiki. Nilimwambia hilo akanyamaza muda mrefu. Tulirudi tukaswali kwenye tatami, dirishani kuna kimti kimoja cha momiji na majani yake machache.

Siku ya mwisho hatukuwa na ratiba kabisa. Tukaenda msitu wa Tadasu, kwenye hekalu la Shimogamo, kule majani yanachelewa kuliko sehemu nyingi za mji, bado yalikuwa mekundu na manjano. Halafu tukashuka pale mito miwili inapokutana, kuna mawe ya kuvukia mengine yana umbo la kobe, tukavuka tumeshikana mikono, yeye anacheka kila akiruka. Ukingo wa Kamo wapenzi wanakaa wawili wawili wameachiana nafasi sawa kama wamepimiwa kwa kamba, na sisi tukapata nafasi yetu. Akatoa chupa ya chai, chai ya iliki na tangawizi aliyofunga mwenyewe toka nyumbani, nilikuwa sijui kama ameibeba. Tulikaa mpaka ikaisha, mpaka taa za daraja zikawaka.

Kwenye shinkansen akalala begani kwangu kabla treni haijatoka mjini. Nilipomwamsha Nagoya akauliza mbona imefika mapema hivi.