Kutafuta Mvinyo wa Mchangani huko Colares

Mjini Sintra, nchini Ureno, nilitozwa euro 65 kwa kile kilichotangazwa kuwa ziara ya mashamba ya zabibu ya Colares, na kwa fedha hizo nilioneshwa kila kitu isipokuwa mzabibu. Gari dogo lilitupitisha kando ya majumba ya wafalme wa zamani, likatushusha Cabo da Roca, ambako bara la Ulaya linaishia upande wa magharibi na ambako upepo wa Atlantiki nusura univue miwani, kisha likatupeleka katika duka lenye kiyoyozi kikali. Humo tukamiminiwa mvinyo mwekundu mzito kutoka Alentejo, jimbo lililo mbali, upande wa pili wa mto Tagus. Nilipouliza iko wapi Ramisco, mvinyo mwekundu wa Colares unaoitwa kwa jina la zabibu yake, kijana aliyekuwa akitutembeza alinijibu kwa tabasamu kwamba mvinyo huo wageni hawaupendi. Huenda alisema kweli, lakini huo ndio niliokuwa nimeulipia.

Mimi ni mzaliwa wa Mpunguzi, Dodoma, na katika nyumba yetu zabibu ndizo zilizolipa ada za shule. Dada yangu, ambaye amekaa Lisbon kwa miaka mingi, alikuwa amenisimulia kwamba karibu na mji huo wako wakulima wachache wanaopanda mizabibu katika mchanga wa pwani, na kwamba mizabibu hiyo ilinusurika pale mizabibu ya Ulaya ilipoteketea. Sikwenda Ureno kwa ajili ya majumba ya wafalme. Basi dada aliposikia nilivyofanyiwa Sintra, alichukua likizo ya siku moja ili anipeleke mwenyewe.

Kutoka Sintra tulipanda tramu kuukuu, ya njia iliyofunguliwa mwaka 1904, inayoteremka polepole kuelekea ufuko wa Praia das Maçãs. Ilikuwa Agosti, tramu imejaa watu waendao kuogelea, nasi tulisimama njia nzima huku mwavuli wa mtu ukinichoma mbavuni. Tulishuka kabla ya mwisho wa safari, tukaendelea kwa miguu kuelekea kijiji cha Fontanelas, na kwa muda mrefu sikuona kitu ila kuta za nyumba za mapumziko zenye mageti ya umeme. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nitadanganywa kwa mara ya pili, safari hii na ndugu yangu wa damu, ndipo tukafika penye ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na ndani yake uzio mwingine wa matete makavu.

Nyuma ya matete hayo palikuwa na mzee aliyepiga magoti mchangani. Dada alimwamkia kwa adabu zote za kwao, akamweleza kwamba mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu kutoka Tanzania, na hapo mzee akaacha kazi, akanitazama mikono badala ya uso, kisha akatuambia tuingie.

Kwetu mzabibu husimama: tunaufunga kwenye nguzo na nyaya, na mtu huvuna akiwa wima. Hapa mizabibu ilikuwa imelala chini, mashina yake meusi yametambaa juu ya mchanga huku na huku, mengine manene kama paja, na katikati yake imesimama mitofaa mifupi iliyopinda yote upande mmoja kwa sababu ya upepo. Kazi aliyokuwa akiifanya mzee ilikuwa ya kuinua matawi. Alikuwa na mzigo wa vijiti vya matete vyenye urefu wa kama mkono hadi kiwiko, na kwa kila tawi lenye vichala alichomeka kijiti kimoja chini yake, akalinyanyua sentimeta chache tu kutoka ardhini, akalitikisa kidogo kuona kama litashika. Aliniambia niweke kiganja mchangani. Nilikiondoa upesi. Kichala kikiachwa kigusane na joto lile, alisema, kitaiva upande mmoja na kuungua upande mwingine. Lakini kikiinuliwa juu zaidi, upepo wa chumvi utakimaliza. Kwa hiyo shamba zima hupita mikononi mwake, tawi baada ya tawi, kabla ya mavuno ya mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Alinipa mzigo wa vijiti, nikafanya safu moja nzima, na alipita nyuma yangu akivirekebisha karibu vyote.

Tukiwa tumepumzika kivulini nilimuuliza kwa nini mtu ajitese hivyo wakati udongo mzuri haupo mbali. Alichimba kwa vidole, akanionesha mchanga uliokauka unavyomwagika na kufunga shimo lenyewe. Karne ya 19 mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, filoksera, aliingia Ulaya kutoka Amerika na kuila mizizi ya mizabibu, nchi baada ya nchi, mpaka wakulima wakalazimika kubebesha mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili. Katika mchanga mdudu huyo hawezi kupenya wala kusafiri kutoka mzizi hadi mzizi. Ramisco ya Colares haikuhitaji kubebeshwa. Hadi leo inasimama, au tuseme inalala, juu ya mizizi yake yenyewe.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mchanga peke yake haulishi mzabibu, kwa hiyo mche lazima ufikishwe kwenye udongo wa mfinyanzi ulio chini, ambao mahali pengine uko mita kadhaa kwenda chini. Babu zake walichimba mahandaki kwa jembe, na wachimbaji walivaa vikapu vichwani ili, kuta za mchanga zikiwaporomokea, wabaki na hewa kidogo ya kupumua mpaka wenzao wawafukue. Mzee alilisema hilo bila kupandisha sauti. Kilichompandisha sauti ni habari ya nyumba. Eneo hili lilipewa mipaka yake kisheria mwaka 1908, na wakati mmoja mizabibu ilienea pwani yote. Sasa yamebaki makumi machache tu ya hekta, kwa kuwa kiwanja chenye upepo wa bahari kina thamani kuliko mavuno ya maisha mazima. Madalali humjia kila majira ya joto, alisema, na wote huanza kwa kusifia matofaa yake.

Alasiri tuliteremka hadi Adega Regional de Colares, chama cha ushirika cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1931. Ni ukumbi mkubwa wenye baridi, umepangwa mapipa ya mbao marefu kuliko mimi. Chupa ya Ramisco ni ya nusu lita tu, na bei yake ilinifanya niombe kuonja kwanza. Rangi yake ilikuwa nyepesi, karibu niseme imechujuka. Harufu yake ya matunda mekundu na majani makavu. Kisha ukaja uchachu, na nyuma yake ukakasi uliobana ulimi na fizi kiasi cha kunyamazisha maneno. Dada alikunja uso. Mimi nilirudia, na mara ya tatu nikaonja kitu chenye chumvichumvi ambacho sijawahi kukikuta katika mvinyo wowote. Aliyetuhudumia alisema huo bado haujakomaa na unahitaji miaka chupani. Nilinunua mbili, nikijua nitakula mkate mtupu hadi mwisho wa juma.

Agosti hiyohiyo kwetu ni mavuno, maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo yule mzee alimtaka dada alirudie ili ahakikishe amesikia. Jioni kaka yangu alipiga simu kutoka Mpunguzi: mnunuzi hajafika, zabibu zinaanza kupasuka, na mchuzi, yaani mvinyo ghafi wa zabibu zetu, wa msimu uliopita ungali kwenye simtanki. Nilimtajia bei ya nusu lita ya Colares. Akapiga hesabu ya kilo ngapi za zabibu huingia humo, akaniambia hazifiki hata moja, akanitaka nirudie bei. Nilimweleza mizizi, vikapu na ukakasi, nikamweleza kwamba chupa imeandikwa jina la mahali, ilhali mchuzi wetu huondoka kwa lori na kwenda kuchanganywa mahali ambapo hakuna atakayeuliza ulitoka shamba gani.

Ladha hakuiuliza. Alichotaka kujua ni namna wale wazee wanavyoutunza mvinyo miaka mitano bila kunuka plastiki. Nilimwambia ni mapipa ya mbao. Akauliza pipa moja ni bei gani, na nikamwahidi kwamba dada atarudi kuuliza, kwa kuwa nauli yangu ilikuwa imebaki ya kunifikisha uwanja wa ndege tu.