Nilivyofuga nyungunyungu kwenye joto la Kisumu

Kufuga nyungunyungu Kisumu kunawezekana, hata Januari na Februari jua linapochoma. Mimi nimefaulu kwa kuzingatia jambo moja: nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka hewa haipiti, anakufa.

Ninafuga wale wekundu wembamba, Eisenia fetida, wanaopenda samadi na mboji. Beseni lao lina matundu chini, liko kivulini mwa mwembe, na juu nimelitandika gunia lililoloweshwa. Kila jioni nafinya mboji kiganjani: yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakitiririka naongeza katoni kavu iliyochanwachanwa, maana maji yakijaa, hewa hukosekana.

Chakula chao ni gugumaji kutoka ziwani, lililokatwakatwa na kunyauka, pamoja na samadi ya ng'ombe iliyopoa. Samadi mbichi hupata moto ikianza kuoza. Ndimu na chumvi siweki kamwe. Meno hawana, husaga chakula kwa firigisi, kwa hiyo nawatilia mchanga kidogo na maganda ya mayai yaliyopondwa.

Ninachokipenda zaidi ni kuwatazama usiku. Macho hawana, lakini ngozi yao huhisi mwanga. Mwanga mwekundu hauwashtui sana, basi nafunika tochi kwa karatasi nyekundu. Aliyekomaa utamjua kwa ukanda mnene karibu na kichwa. Kila mmoja ni dume na ni jike, ila bado anamhitaji mwenzake: hulala wamegusana, kichwa cha huyu kikielekea mkiani mwa yule, wakabadilishana mbegu. Baadaye ukanda hutoa pete ya ute inayoteleza hadi kichwani ikizoa mayai na mbegu, kisha inavuka na kujifunga ikawa kifuko. Nimewahi kukiweka kimoja kiganjani: kidogo kama punje ya mtama, rangi ya dhahabu, kimechongoka ncha zote mbili. Humo hutoka watoto kadhaa.

Jirani yangu, mama mboga, aliniuliza kama akimkata mmoja kwa jembe atapata wawili. Hapana, mama. Kipande cha mbele huenda kikaota mkia. Cha nyuma kwa kawaida hufa.

Kuvuna ni rahisi. Namwaga mboji juu ya nailoni mahali penye mwanga, mbali na jua kali; wao huukimbia mwanga na kujichimbia chini. Nakwangua tabaka la juu, nasubiri, nakwangua tena, mpaka wabaki wao tu, warudi beseni. Mboji yote huenda kwenye sukuma wiki.