Kufuli la Shangazi

Jana mwanangu alikuwa anatafuta misumari kwenye ndoo ya zana, akaibuka na kufuli lenye kutu, chuma chake cha juu kimepinda. "Mama, ufunguo wake uko wapi?" Nikamwambia ulipotea. Akauliza tunalitunzia nini basi. Nikamtuma dukani.

Lilikuwa la kisanduku cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mliowahi kucheza VICOBA mnajua: makufuli matatu, wanawake watatu, kila mmoja na ufunguo wake, asije mtu akafungua peke yake. Wa hili alikuwa nao shangazi.

Ile Jumamosi ya tetemeko la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, sina la kuwaongezea. Wataalamu walitaja 5.9. Kipimo changu mimi kilikuwa ukuta wa jikoni, ambao ulikuwepo, kisha haukuwepo.

Jumapili jioni tulikutana kibanjani, chini ya migomba. Hakuna aliyethubutu kulala ndani, ardhi ilikuwa bado inatikisika kila ikijisikia. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa na watoto walikuwa nje. Mwenyekiti akasema kisanduku kifunguliwe, mfuko wa jamii ununue maturubai. Funguo mbili zikaja. Wa tatu ulikuwa chini ya nyumba ya shangazi.

Tulimkuta amepiga magoti juu ya kifusi. Alikuwa anatoa tofali moja moja, analipangusa kwa upindo wa kanga, zima anaweka kulia, lililovunjika kushoto, kama anachambua maharage.

"Shangazi, acha tu, tutavunja."

"Hapana. Uko kwenye gauni langu la kanisani. Nipeni muda."

Tukampa. Giza likaingia, akaendelea kwa tochi ya simu. Lile gauni likatoka kweli, jekundu kwa vumbi. Akalikung'uta, akaingiza mkono mfukoni, akatoa rozari. Akaingiza tena. Akageuza mfuko nje, akaushika hivyo kwa muda mrefu, sote tukiutazama.

Mwenyekiti akanipa nyundo mimi, katibu, mdogo kuliko wote.

"Waitu, mbele yangu?" shangazi aliuliza. Si kwa ukali.

Pigo la kwanza nilipiga mbao. La tatu likafyatuka.

Zilikuwa shilingi 94,000, tulizihesabia juu ya kanga. Maturubai, unga, nauli ya mwenzetu aliyevunjika mguu. Marejesho tukayasimamisha miezi mitatu, na wapo waliosimamisha moja kwa moja. Ilipobainika kila mtu atajijengea mwenyewe, tukasomba maji na mchanga kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya pili. Siku hizi wageni wakija na madaftari kuuliza tuliwezaje, mwenyekiti huwasimulia ya maturubai.

Kufuli jipya liliponunuliwa, shangazi alirudisha ufunguo: "Mpeni anayejua kuvunja." Ninao mpaka leo. Kikaoni anakuja, hisa ananunua, karibu na kisanduku hakai.

Msimu uliopita wa senene nilikwenda kumsaidia kunyonyoa mabawa. Alikuwa amevaa rozari ile ile. Kando ya msalaba kulikuwa na ufunguo mdogo, umefungwa kwa uzi. Aliniona nikiutazama.

"Fundi aliuokota kwenye msingi," alisema. "Sogeza hilo beseni."

Nikasogeza.